Kwa nini Mwingereza "huanguka" usingizini wakati sisi usingizi ndio unatushika?

#1 MwishoWaReli
Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Mwanga, Kigoma. Wageni wetu wengi wanakwenda Gombe na Mahale kuangalia sokwe, kwa hiyo Kiingereza tunaamka nacho. Maneno ya mezani nayajua, ya njiani nayajua. Yanayonishinda ni maneno yao ya kulala.

Wiki iliyopita walikuja mtu na mkewe, watu wazima, wakaulizia chumba na boti ya kukodi ya Gombe. Nikawatajia bei. Yule baba akasema, "Let us sleep on it." Mimi nikasikia "sleep", nikachukua ufunguo wa chumba namba nne na begi lao nikalibeba. Wakabaki wananitazama. Mama akajaribu kunieleza, nami nikazidi kumhakikishia kwamba godoro ni jipya. Waliaga kwa adabu, hawakurudi. Jioni ndipo bosi akaniambia maana yake ilikuwa "tupe muda tulitafakari, tutakujibu kesho". Iliniuma sana, maana nahodha aliyekosa safari ile ni shemeji yangu na ana watoto wa kusomesha.

Tangu siku hiyo nina daftari. Nimeshaandika "hit the sack", "nod off", "crash", "turn in", "forty winks" na mengine. Maana zake nazipata polepole. Ila kuna moja linanikosesha raha: "fall asleep". Kwa nini mtu AANGUKE? Sisi hatuanguki. Usingizi hutushika, hutuchukua, hutupitia, hutubeba. Kwao mtu ndiye anayekwenda, kwetu usingizi ndio unaokuja. Mwenye kujua sababu anisaidie.

#2 Asali Mbichi
Pole mkuu. Hiyo "crash" niliisikia kwenye basi la kutoka Nzega kuja Tabora. Kijana wa kizungu alikuwa anamwambia mwenzake kwamba wakifika tu "ata-crash". Mama aliyekaa nyuma yangu alielewa nusu, akaanza kusoma dua kwa sauti, na dereva akapunguza mwendo. Kumbe mtoto wa watu amechoka, anataka kitanda.

#3 Mwalimu_Ipuli
MwishoWaReli, swali zuri. Nafundisha Kiingereza hapa Tabora na wanafunzi huniuliza kila mwaka.

Tuanze na "asleep". Zamani ilikuwa maneno mawili, "on" na "sleep", yaani "katika usingizi". Ile "on" ikachakaa mdomoni ikabaki "a". Ndivyo lilivyozaliwa hata "alive", lilikuwa "on life", katika uhai. Ukifungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Matendo 13:36, utakuta Daudi "fell on sleep". Kwa hiyo kinachosemwa ni mtu kuingia katika hali ya usingizi.

Na "fall" hapo haina kuanguka kwa mwili. Ni kitenzi chao cha kubadilika hali ghafla. "Fall ill", kuugua. "Fall silent", kunyamaza. "Fall in love", kupenda. Hakuna anayechubuka goti.

#4 Profesa Mtaa
Mwalimu unazunguka mbali. Jambo ni jepesi. Wazungu wa zamani walilalia magodoro ya nyasi. Mtu akitoka shambani amechoka, anajitupa juu ya nyasi puu! Huko ndiko kuanguka kwenyewe. Ushahidi ni hayo maneno ya daftarini: "hit the hay" ni kupiga nyasi, "hit the sack" ni kupiga gunia lililojazwa nyasi. Swali limekwisha.

#5 Mwalimu_Ipuli
Profesa, magodoro ya nyasi ni kweli kabisa. Lakini "hit the hay" na "hit the sack" ni maneno ya Wamarekani, umri wake ni kama karne moja tu. "Fall asleep" imeyatangulia kwa karne nyingi. Mjukuu hawezi kumzaa babu.

#6 Profesa Mtaa
Maneno yalichelewa, nyasi zilikuwepo. Watu walianguka kwanza, wakaandika baadaye. Nasimama palepale.

#7 Nesi wa Isevya
Mimi nitasema la mwilini. Nani hajawahi kushtuka akiwa ndiyo kwanza anasinzia, anahisi amekanyaga ngazi isiyokuwepo, mguu unaruka? Hiyo hutokea kwa watu wengi wazima wenye afya. Misuli inalegea, halafu inakazana ghafla, na mtu anahisi anaporomoka. Kwangu mimi waliotunga neno hili walikuwa wanasimulia walichohisi kitandani.

#8 Mwalimu_Ipuli
Dada Nesi, kushtuka huko nakujua. Ila tukikubali hivyo, anayesema "fall silent" alihisi nini? Kunyamaza hakuna ngazi.

#9 Nesi wa Isevya
Neno moja linaweza kuanza kitandani halafu likaazimwa huko kwingine. Unao uhakika kipi kilitangulia?

#10 Kasulu_Kwetu
Habari za humu. Mimi naona tatizo liko kwetu, sio kwa Mwingereza. Neno letu "kulala" limebeba mizigo mingi. Kujinyoosha kitandani ni kulala, kupotewa na fahamu ni kulala, kukaa mji wa watu usiku mmoja ni kulala. "Jana nililala Uvinza" inaweza kuwa ulikesha macho kodo. Huku mpakani jirani zetu wanaosema Kirundi wana "kuryama", kwenda kujilaza, na "gusinzira", usingizi wenyewe kukolea. Mawili mbalimbali. Hilo la pili bila shaka ni ndugu wa "kusinzia" kwetu.

Mwingereza naye ametenganisha: "go to bed" ni kupanda kitandani, "fall asleep" ni dakika ile fahamu zinapokata. Ndiyo maana sisi tukiwaambia "I slept at nine" wanatushangaa. Tunakusudia tulipanda kitandani saa tatu, wao wanasubiri tuseme tulilala saa ngapi kwa jumla.

#11 MwishoWaReli
#10 umenifungua macho. Kumbe ndiyo maana mgeni alinijibu, "I went to bed at ten but I didn't fall asleep until two." Mimi nilidhani amesema jambo lilelile mara mbili.

#12 Bint Ujiji
Assalaam aleykum. Nami nina langu. Wageni wakiaga usiku wanasema "sleep tight". Nilielezwa kwamba zamani vitanda vyao vilikuwa vya kamba, na kamba zikilegea lazima zikazwe, ndipo mtu alale vizuri. Nililipenda sana hilo kwa sababu bibi yangu hapa Ujiji alikuwa na kitanda cha kamba, na kila baada ya muda fundi alikuja kuikaza. Kikilegea unalala umejikunja kama dagaa kwenye wavu.

#13 Mwalimu_Ipuli
Dada, hadithi ya kamba imeenea na watu wanaipenda, lakini wachunguzi wa maneno wengi hawaikubali. "Tight" huko nyuma ilitumika pia kwa maana ya "barabara, sawasawa". Kwa hiyo "sleep tight" ni "lala barabara", bila kitanda cha aina yoyote ndani yake.

#14 Bint Ujiji
Sawa mwalimu, ila ukikaza kamba si ndiyo inakuwa barabara? Siachi kitanda cha bibi.

#15 Kidato cha Tatu
Samahani wakubwa, shikamooni. Kwenye jaribio tulipewa "The baby is fast asleep". Mimi nikaandika "mtoto amelala haraka". Nikakosa. Rafiki yangu "sound asleep" akaandika "mtoto amelala na sauti", akimaanisha anakoroma. Naye akakosa. Tulieleweshwa majibu ila sababu hatukuambiwa.

#16 Mwalimu_Ipuli
Marahaba mwanangu. Haya yanahitaji nafasi.

"Sound" hapo haihusiani na sauti hata kidogo. Ni neno jingine lenye umbo lilelile, maana yake "zima, lisilo na ufa". Ni ndugu wa neno la Kijerumani la uzima, "gesund". Mtu akiwa "safe and sound" yuko salama na mzima. Basi "sound asleep" ni usingizi mzima, usiokatika vipande.

"Fast" ndiyo tamu zaidi. Maana yake ya kwanza haikuwa haraka. Ilikuwa "imara, iliyokazwa, isiyotikisika". Ndiyo maana kufunga mkanda wa gari wanaita "fasten". Maana ya mwendo wa kasi ilikuja baadaye. Anayelala "fast" amefungwa na usingizi, humtikisi.

#17 Bint Ujiji
Subirini kwanza! Mwalimu, "fast" si ndiyo hiyohiyo ya mwezi wa Ramadhani? Mtu akifunga saumu wanasema "he is fasting". Na sisi tunasema amefunga. Kufunga mkanda, kufunga saumu. Wao neno moja, sisi neno moja. Imekuwaje?

#18 Mwalimu_Ipuli
Umenitoa jasho la furaha. Ndiyo, ni mzizi mmoja. Kujizuia na chakula kwao kulitokana na maana ya kushika imara, kujikaza. Nasi tukafika mahali palepale kwa njia yetu. Nimefundisha neno hili miaka mingi na sijawahi kuliweka kando ya "kufunga" yetu. Jumatatu naingia nalo darasani.

#19 Kidato cha Tatu
Kwa hiyo ningeandika "mtoto amefungwa na usingizi" ningepata?

#20 Mwalimu_Ipuli
Ningekupa alama na nyongeza. Ila kwa mtihani wa taifa andika "amelala fofofo".

#21 Mzee Taruma
Nawasalimu wote. Mimi ni mstaafu wa reli, niko Tabora. Nasoma tangu mwanzo na hakuna aliyegusa neno lililotulisha, "sleeper".

Behewa la vitanda wanaliita "sleeper". Na taruma, lile linalolala chini ya reli likabeba chuma, Mwingereza analiita "sleeper" vilevile. Kijana mmoja mgeni kazini aliambiwa na fundi aliyekuja kutoka nje akakague "sleepers" kuanzia stesheni kuu kuelekea upande wa Urambo. Akaenda na daftari kwenye mabehewa, akawa anagonga milango ya abiria mmoja mmoja na kuwaandika majina. Fundi alimsubiri kwenye jua saa nzima.

Taruma limeitwa hivyo kwa sababu limelala, basi. Maseremala wa Uingereza walikuwa wakiuita hivyo mti uliolazwa chini kubeba sakafu, hata kabla treni haijazaliwa. Mmarekani halitumii, yeye husema "tie", kifungo. Reli yetu ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mataruma ya chuma yaliyolala humo yamebeba watu wa kila aina, waliolala na waliokesha.

#22 Asali Mbichi
Shikamoo mzee. Na tuta la barabarani Waingereza wanaliita "sleeping policeman", polisi aliyelala. Hilo nililiona kwenye kitabu cha mafunzo ya udereva.

#23 Mzee Taruma
Marahaba. Hilo silijui, lakini taruma haliamki, na tuta nalo haliamki. Naona wanapenda kukiita kitu kilichotulia kuwa kimelala. Hata mshirika wa biashara anayetoa mtaji na hajishughulishi na uendeshaji, wanamwita "sleeping partner". Msije mkalitafsiri neno hilo mbele za watu.

#24 Abiria wa Daraja la Tatu
Mzee umenikumbusha. Nilikuwa natoka Dodoma kuja Tabora. Nilikesha siku mbili msibani, kwa hiyo kwenye treni usingizi ukanipitia. Nikaamka tuko Urambo, Tabora imeshabaki nyuma! Mbele yangu amekaa kijana wa kigeni anakwenda Kigoma. Ananiuliza kuna nini, nami nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Sleep passed me." Akanipa pole, akatoa kidonge cha usingizi kwenye begi lake akataka kunipa. Alielewa kwamba usingizi umenipita, yaani SIKULALA.

MwishoWaReli, liandike hilo. Kupitiwa na usingizi haliendi kwa Kiingereza neno kwa neno. Wanalo "oversleep", kulala kupita kiasi bila kukusudia. Halafu kuna "sleep in", kulala mpaka jua kali kwa kupenda mwenyewe, siku ya mapumziko. Sisi anayepitiwa hana kosa, usingizi ndio mkosaji. Wao kwenye "oversleep" mtu mwenyewe ndiye aliyepitiliza.

#25 MwishoWaReli
Hapo ndipo penye swali langu! #24 amelisema vizuri kuliko mimi. Kwetu usingizi ni mtu, una mikono. Unashika, unabeba, unapita na watu. Kwao usingizi ni mahali, shimo au bonde, mtu anaporomokea. "Deep sleep", usingizi wa kina. "Drop off", kudondoka. Nasi tunasema usingizi mzito, si wa kina. Mzigo, sio shimo.

#26 Bandari Kigoma
Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Tanga, kazi ndiyo imenileta huku. #25 umepitiliza kidogo. Kiswahili nacho kinazama: "amezama usingizini" kila mtu anasema. Na Waingereza nao husema mtu "overcome by sleep", amezidiwa na usingizi. Kwa hiyo mikono wanayo na shimo tunalo.

Pwani tuna usingizi wa pono. Pono ni samaki wa miambani, usiku hulala kikwelikweli, na aina zake nyingine hujifunika utando wa ute mwili mzima mpaka asubuhi. Ukimsikia mtu ana usingizi wa pono, usimpigie simu.

#27 Mvuvi Kibirizi
Pono huku hatumjui. Ziwa Tanganyika tuna mgebuka, kuhe, sangala na dagaa, na hakuna hata mmoja niliyemkuta amelala. Mtani, samaki wenu wamezoea upepo mwanana wa bahari.

#28 Bandari Kigoma
Mgebuka ungekuwa unalala usingeingia wavuni mwako usiku. Wenye akili wamelala kwenye ute wao.

#29 Profesa Mtaa
Mwingereza hana pono, ana gogo. "Sleep like a log." Mmarekani naye kukoroma anakuita "sawing logs", kupasua magogo kwa msumeno. Msikilizeni anayekoroma mtaona ni kweli.

#30 Asali Mbichi
Gogo hata sisi tunalo, "amelala kama gogo". Lakini kwa mtu wa Sikonge gogo linatundikwa mtini, ndani lina nyuki. Nikiambiwa mtu amelala kama gogo mimi namkaribia kwa tahadhari.

#31 Nesi wa Isevya
Wana na "sleep like a baby" pia, kulala kama mtoto mchanga. Huyu aliyelitunga hakuwahi kushinda wodi ya wazazi. Kichanga huamka kila baada ya saa mbili tatu, analia, ananyonya, anasinzia. Mama wa kichanga ukimtakia alale kama mtoto atakuona humpendi.

Niongeze moja la kwetu. "Sleeping sickness" ni malale, na Kigoma na Tabora tunaujua ugonjwa huu vizuri. Enzi za Mwingereza vijiji vizima huku magharibi vilihamishwa kukimbia mbung'o. Majina yote mawili yanadanganya kidogo. Mgonjwa haongezi tu usingizi. Vimelea vikifika kwenye ubongo saa za mwili zinavurugika, mchana anasinzia na chakula mkononi, usiku macho makavu. Na kabla ya hapo ni homa na kichwa, ndiyo maana watu huchelewa wakidhani malaria. Ukiumwa na mbung'o porini halafu homa ikakupanda, mwambie mganga wa zahanati ulikotoka.

#32 MwishoWaReli
Asante dada, hilo nitawaambia na wageni wa Mahale.

#33 Mifugo Nzega
Na mimi nitoe langu, halikunifurahisha. Nilikuwa mdogo kazini. Familia moja ya kigeni iliniita, mbwa wao mzee anaumwa, hasimami. Baba akaniambia, "We want you to put him to sleep." Nikachoma dawa ya kumtuliza, mbwa akalala, nikafunga begi nikaondoka nikiamini nimefanya kazi. Asubuhi wananipigia, mbwa ameamka na maumivu yake. Walikuwa wanataka nimfishe bila mateso. Watoto walikuwa wameshamuaga usiku kwa machozi, ikabidi wamuage tena. Mpaka leo kila ninapoambiwa neno hilo nauliza mara mbili.

#34 Nesi wa Isevya
Pole sana daktari. Hospitalini hilohilo hutumika kwa mtu anayelazwa kwa dawa ili apasuliwe. Sisi tuna nusu kaputi, na kaputi ni Kijerumani, kuharibika kabisa, kwetu ikawa kufa. Nusu kufa. Mgonjwa akisikia hivyo naye huogopa.

#35 Bint Ujiji
Wazee husema usingizi ni ndugu wa mauti. Kwa hiyo si Wazungu tu.

#36 Mwalimu_Ipuli
Wayunani wa kale walisema hivyohivyo: Hypnos, usingizi, na Thanatos, mauti, ni pacha. Kwa Kilatini cha mshairi Ovid mwana wa usingizi, aletaye ndoto, ni Morpheus. Huyo ndiye aliyeipa jina mofini, dawa ya maumivu.

#37 Abiria wa Daraja la Tatu
Jinamizi wanaliitaje?

#38 Mwalimu_Ipuli
"Nightmare". Na wengi hudhani "mare" hapo ni farasi jike, hata Waingereza wenyewe. Sivyo. Ilikuwa neno jingine la kale, pepo anayemkalia mtu kifuani akiwa amelala asiweze kupumua.

#39 Abiria wa Daraja la Tatu
Si ndilo jinamizi lenyewe! Linakukalia, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Kumbe limefika na Uingereza.

#40 Kasulu_Kwetu
"Nod off" je? Na "forty winks"? MwishoWaReli aliziandika mwanzoni tukazisahau.

#41 Mwalimu_Ipuli
"Nod" ni kutikisa kichwa kuelekea chini, kama anayeitikia ndiyo. Anayesinzia kwenye kiti kichwa kinamwanguka, ndiyo "nod off". Kuna na "Land of Nod", nchi ya usingizi. Nchi ya Nodi imo kwenye Mwanzo 4:16, alikokwenda Kaini, na kwa Kiebrania ni kutangatanga, hakuna usingizi wowote. Mwandishi wa Ireland Jonathan Swift alicheza na neno hilo mwaka 1738 kwa sababu tu ya mlio wake.

"Forty winks" ni kausingizi kafupi. "Wink" zamani ilikuwa kufumba macho, si kukonyeza kama sasa. Asiyepata hata "wink" moja ni sawa na yetu, hakupata hata lepe la usingizi.

#42 Profesa Mtaa
Na arobaini ni ile ya mwizi, siku zake arobaini.

#43 Bint Ujiji
Au ya gharika ya Nuhu, mvua siku arobaini. Arobaini ni hesabu ya "nyingi" tu. Ila nyingi zimekuwaje usingizi mfupi?

#44 Kasulu_Kwetu
Kwa sababu ni kope, sio saa. Ukifumba na kufumbua mara arobaini hata dakika tano hazifiki.

#45 Bint Ujiji
Hapa nyumbani usingizi mfupi wa mchana ni kailula, sunna kabisa. Mgeni mmoja wa Hispania aliuita "siesta".

#46 Mwalimu_Ipuli
"Siesta" inatokana na Kilatini, saa ya sita. Warumi walihesabu saa kuanzia jua kuchomoza, kwa hiyo adhuhuri ilikuwa saa sita.

#47 Mzee Taruma
Yaani saa sita mchana hii hii yetu? Mrumi angeangalia saa yangu akaelewa bila kutafsiriwa. Hilo nimelipenda kuliko yote. Naenda kulala saa sita hiyo.

#48 Kidato cha Tatu
Nimefikiria. Kwa Kiingereza kila kitu cha usingizi kinaelekea chini: fall, drop, deep, na kichwa cha "nod". Kuamka kunaelekea juu: "wake UP", "get UP". Labda hawaanguki popote, ni kwamba anayelala yuko chini na aliye macho yuko juu?

#49 Mwalimu_Ipuli
Mwanangu, hilo lina nguvu. Linapingana na langu la #3 lakini siwezi kulitupa.

#50 Nesi wa Isevya
Wala halipingani na la kwangu!

#51 Profesa Mtaa
Wala na la nyasi. Nyasi ziko chini.

#52 Mvuvi Kibirizi
Nyie mnajadili vitandani. Njooni ziwani usiku wa giza, taa zimewashwa, mnasubiri dagaa wapande. Saa tisa hiyo mwili unaisha. Mwaka juzi mwenzangu alikaa ukingoni ameshika kamba, anaongea na mimi kuhusu ada ya mtoto. Nikamjibu, nikasubiri neno lake. Nikasikia tu maji, chubwi! Tulimvuta kwa ile kamba aliyokuwa ameishika bado. Tulipomweka ndani ya mtumbwi anatetemeka, akasema hakumbuki kusinzia, anakumbuka baridi. Kwangu mimi anayesema "fall asleep" ni mvuvi.

#53 Mwalimu_Ipuli
Mshukuru Mungu kwa hiyo kamba. Ila ndugu yangu, yeye alianguka majini. Usingizi ulikuwa umeshamshika kabla.

#54 Mvuvi Kibirizi
Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwepo.

#55 MwishoWaReli
Wakuu, asanteni. Daftari limejaa mpaka jalada la nyuma. Kesho nasindikiza wageni watatu Kibirizi, boti inaondoka alfajiri. Jioni hii mmoja wao ameniambia, "I'm a light sleeper." Najua sasa kwamba si taa, ni mwenye usingizi mwepesi. Nimemhamishia chumba cha uani, mbali na barabara.

#56 Bint Ujiji
Umefanya vizuri kaka. Alamsiki.

#57 MwishoWaReli
Binuru.